Mkufunzi Wako Anasubiri Habari

Ndugu zetu Watanzania mlioko Doha, hasa ninyi mliopitia vyuo vya ufundi na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, tuna ombi moja.

Ijumaa jioni pale Corniche simu hazitulii. Tunapiga picha, maghorofa yakiwa nyuma yetu, tunamtumia mama, mke, kundi la ukoo. Mkufunzi aliyetushikisha bisibisi kwa mara ya kwanza hapati kitu. Anafundisha mwaka hadi mwaka bila kujua waliotoka mikononi mwake wameishia wapi.

Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianza mwaka 1975, baada ya Mwalimu Nyerere kuvutiwa na vyuo vya wananchi vya Sweden. Vimewapokea wengi ambao milango mingine ilikuwa imefungwa. Pengine nawe ni mmoja wao.

Mcheza kwao hutunzwa, wasemavyo wahenga. Sisi tunachezea ugenini. Nani atatutunza ikiwa ngoma yetu haijasikika nyumbani?

Basi mtumie mkufunzi wako ujumbe wa sauti, hata wa dakika tatu. Kama umekuwa msimamizi wa mafundi wa viyoyozi, sema, wala usione ni majivuno. Kama una cheti cha umeme lakini unalinda geti, sema pia. Hiyo nayo ni habari, na aliye darasani leo anaihitaji kuliko picha ya maghorofa. Taja zana ulizozikuta huku na hukuwahi kuziona katika karakana ya chuo. Taja lugha iliyokukwamisha siku ya usaili.

Tena mweleze mambo ya mkataba. Tangu 2020, sheria ya Qatar inamruhusu mfanyakazi kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kibali cha yule wa kwanza. Tangu Machi 2021, kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi, na mwajiri asiyekupa malazi na chakula anatakiwa kuongeza 500 za malazi na 300 za chakula. Kijana akiyajua haya kabla ya kusaini, wakala hatampata kirahisi kwa maneno matamu.

Ambaye hana tena namba ya mkufunzi amuulize aliyesoma naye. Mmoja wetu hakosi kuwa nayo.

Tufanye hivyo Ijumaa hii, kabla basi la kampuni halijaturudisha kambini. Jumatatu asubuhi, vijana wakiwa wamezunguka meza ya karakana, mkufunzi ataweka simu katikati na kusema: "Huyu alikaa benchi lile pale. Msikilizeni."