Wanasa Vidole, Sauti Yapotea

Ni taabu siku hizi kuupata mji chini ya Mlima Kenya usio na kinanda cha umeme. Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Meru, Nanyuki, kote utakikuta makanisani na maharusini. Na katika kumbi za usiku, ambako mtu mmoja na gita lake huwachezesha watu mugithi mpaka alfajiri, mdundo unaotoka nyuma yake mara nyingi ni wa mashine. Mugithi, kwa asiyejua, ni gari la moshi kwa lugha ya Kikuyu; wachezaji hushikana mabega wakaandamana kama mabehewa. Nasi watu wa pwani hatuna haki ya kuwacheka, maana kinanda hicho hicho kimeingia katika taarab yetu kikaketi mahali pa kanuni na akodioni.

Lililo geni ni kompyuta ya nyumbani. Zamani mwenye wimbo wake Nyeri hakuwa na budi kushuka Nairobi, kwenye maduka ya River Road, kama vile waimbaji wetu walivyokwenda kwa Assanand au Mbwana Radio hapa Mombasa. Leo kijana wa Karatina ana kinanda chumbani, ana kompyuta mezani, na ana programu isiyolipiwa, kama ile ya Audacity iliyoanza kutolewa mwaka 2000. Hangoji fundi wala mwenye duka. Twaona hiyo ni neema, na anayesema muziki wa chumbani si muziki twamwacha na maneno yake.

Lakini liko jambo ambalo vijana hao, na wetu pia, yafaa waambiwe wazi. Kutoa muziki katika kinanda na kuutia katika kompyuta kuna njia mbili, na watu wengi huzichanganya.

Njia ya kwanza ni MIDI, lugha ya vyombo iliyotolewa mwaka 1983, ambayo wakubwa wake walikuwa Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi wa Japani, mwenye kampuni ya Roland. Waya wa MIDI haupitishi sauti hata chembe. Unapitisha amri: kidole kimegusa kibonyezo namba fulani, kwa nguvu kiasi fulani, kisha kimeinuka. Kompyuta huandika amri hizo, na ukitaka kuusikia wimbo huzirudisha kinandani, nacho kikapiga upya. Raha yake ni kwamba ukikosea noti moja waisahihisha bila kurudia wimbo mzima, na faili lake ni dogo mno. Ndiyo maana vijana wanaipenda.

Njia ya pili ni kuchukua sauti yenyewe. Waya hutoka katika tundu la kutolea sauti la kinanda, au lile la hedifoni, ukaingia katika kompyuta; na iliyo bora zaidi ni kuupitisha kwanza katika kisanduku kidogo cha sauti cha USB. Tundu la maikrofoni la kompyuta si mahali pake, kwa kuwa limefanywa kwa sauti dhaifu ya maikrofoni, nayo ya kinanda ikipita humo hupasuka. Sauti ya kinanda ipandishwe kiasi, na kipimo kilicho katika kioo kisiguse nyekundu. Kisha faili liwekwe kwa namna ya WAV, si MP3, kwani MP3 hupunguza uzito kwa kutupa sehemu za sauti, na kilichotupwa hakirudi. WAV ya kawaida hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, na dakika moja huchukua megabaiti kama 10. Ni nzito, lakini ni sauti.

Hatari iko hapa. Mwenye MIDI peke yake amehifadhi vidole vyake tu. Kinanda kikifa, naye akanunua kingine cha namna nyingine, wimbo wake hulia kwa zumari za mgeni na ngoma za mgeni. Wazee wa vinanda walishaonja hayo: nyimbo zao walizitia katika disketi za inchi tatu na nusu, na vinanda vya leo havina mahali pa kuzitia.

Kwetu sisi hasara yaweza kuwa kubwa kuliko ya Nyeri. Mpigaji wa taarab anayejua maqam za Rast na Bayati anajua kwamba ziko sauti zinazokaa baina ya vibonyezo, na kampuni kama Yamaha na Korg zimetengeneza vinanda vya soko la Waarabu vinavyoziruhusu. Lakini MIDI huandika namba ya kibonyezo, na mlingano ule kwa kawaida hubaki ndani ya kinanda. Peleka faili lile kwenye mashine nyingine isiyolinganishwa vile, na Bayati yako itatoka kama wimbo wa shule. Huko mlimani nako, mtu akitaka kuchanganya kinanda na wandindi, ule uzeze wa uzi mmoja, au na chuma cha karing'aring'a, MIDI haimfai kwa lolote, kwani vyombo hivyo havina namba. Ni maikrofoni tu. (Katika hoja ya masheikh juu ya kinanda hatuingii. Aliyetosheka na dufu amesalimika na mtego huu, maana dufu halina waya.)

Atakayeuliza faida ya kuhifadhi sauti na atazame Murang'a. Joseph Kamaru, aliyezaliwa Kangema mwaka 1939, alifariki mwaka 2018, akiwa ameacha nyimbo nyingi za Kikuyu. Mjukuu wake mwenye jina lile lile, ajulikanaye kwa jina la KMRU, ambaye mwenyewe ni msanii wa sauti za kompyuta, amekuwa akizitoa upya zile nyimbo za babu ili walimwengu wazisikie. Ameweza kwa sababu babu alinaswa sauti, katika santuri na kanda. Kama kungebaki orodha ya mahali vidole vilipogusa gita, mjukuu angekuwa na nini cha kutoa?

Basi rai yetu ni kwamba mpigaji atumie MIDI kutengenezea wimbo, na wimbo ukishakamilika aunase wote kwa sauti, nakala mbili au tatu, moja isikae nyumba moja na kompyuta. Na si kazi ya mpigaji peke yake. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, maktaba zikiwemo. Kaunti ya Nyeri, Kirinyaga, Embu, Meru, Laikipia na Murang'a, na huku kwetu Lamu, Kilifi, Mombasa na Kwale, kila moja yaweza kuweka katika maktaba mahali pa kupokea nyimbo za watu wake, pamoja na jina la mpigaji, mwaka, na kinanda alichotumia. Diski ya terabaiti 1 huchukua zaidi ya saa 1,500 za WAV. Mbili zatosha kuanzia, moja ya kutumia na moja ya akiba, na gharama yake haifiki ile ya hema na viti vya sherehe moja ya kaunti.