Mlimani, Sanaa Imepewa Kazi Moja Tu

Mwaka 1993 mwanamuziki Joseph Kamaru alitangaza kwamba ameokoka. Alikuwa mzaliwa wa Kangema, Murang'a, na kwa zaidi ya miaka 25 sauti yake ilikuwa imesikika katika kila soko la eneo la Mlima Kenya. Aliimba mapenzi, akaimba mawaidha kwa vijana, akaomboleza kifo cha mwanasiasa J.M. Kariuki mwaka 1975, akawasuta walimu waliowaharibu wasichana wa shule mpaka walimu wenyewe wakaja juu. Alipookoka aliivunja bendi yake, akaunda kwaya ya injili. Mauzo yakashuka, na alipofariki Oktoba 2018, nyimbo zilizokumbukwa zaidi zilikuwa zile za kabla ya wokovu.

Wapo wanaosema soko lilimwadhibu. Mimi naona swali zito zaidi. Wimbo unaomtetea msichana wa shule dhidi ya mwalimu wake unaitwaje "wimbo wa dunia"? Nani aliyechora mpaka huo, na kwa nini msanii mkubwa kama yule aliona hana budi kuuvuka?

Katika miji ya Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Kerugoya na Murang'a, swali la sanaa ni ya nini hujibiwa kanisani kwanza. Ni kanisani ambako kijana hujifunza kuimba sauti ya nne na kupiga kinanda, na ni huko anakoambiwa kipaji chake ni cha kumtumikia nani. Siwalaumu waumini kwa kuipa sanaa kazi, maana mlimani haijawahi kukosa kazi. Ninachopinga ni kuifupisha kazi hiyo ikawa moja tu, ya kuhubiri.

Dini ya Wagikuyu kabla ya misheni haikuwa na sanamu za Mungu. Ngai aliabudiwa kwa kuuelekea mlima, na sadaka zikatolewa chini ya mti wa mugumo. Hata hivyo mikono haikukaa bure. Vijana waliokaribia kutahiriwa walicheza ngoma wakiwa wamevaa ndome begani, ngao ya mti mwepesi iliyochongwa na kupakwa rangi kwa mistari ya kupindapinda. Ngao hiyo haikuwa ya vita. Ilitangaza kwamba mtoto yuko njiani kuwa mtu mzima. Leo nyingi zimehifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya.

Na gicandi je? Ni kibuyu chenye mbegu ndani, kilichochanjwa alama kwa nje, na kila alama inabeba kifungu cha shairi. Washairi wawili walisimama sokoni wakatupiana mafumbo, na aliyeshindwa kufumbua akakabidhi kibuyu chake. Padre Vittorio Merlo Pick wa shirika la Consolata alichapisha mashairi hayo mwaka 1973, na Kimani Njogu, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu vyema, akayafanyia utafiti wa kina. Kazi ya gicandi ilikuwa kunoa akili za watu hadharani. Ukiniuliza, hiyo ni ibada.

Wamisionari wa Consolata walifika Tuthu mwaka 1902. Wamisionari Waskoti wakafungua kituo cha Tumutumu mwaka 1908. Waskoti walikuja na Neno, kuta tupu na tenzi, na ngoma iliyofungamana na jando waliiona dhambi. Wakatoliki walikuja na sanamu, lakini sura zake zilikuwa za Italia. Mgogoro wa tohara ya wanawake ulipolipuka mwaka 1929, waliozikataa amri za makanisa ya Kiprotestanti za kuiacha walijibu kwa wimbo na ngoma ya Muthirigu, na serikali ikaipiga marufuku mwaka 1930. Watu hawakuacha kuimba. Miaka ya mwanzo ya 1950 walichukua tuni za tenzi za misheni wakazitia maneno ya ardhi na uhuru. Mwanaanthropolojia Louis Leakey aliandika mwaka 1954 kwamba Mzungu aliyepita karibu angeweza kudhani ni ibada ya kawaida inaendelea. Gakaara wa Wanjau, aliyekuja kuwa mchapishaji mashuhuri wa Karatina, aliandika kanuni ya imani ya Gikuyu na Mumbi, waasisi wa Wagikuyu katika simulizi, kwa mtindo wa ile ya kanisani, akaishia kizuizini. Misheni ilifundisha umbo. Watu wakaamua kazi yake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko Murang'a, katika kanisa kuu la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo na Mashahidi Wote. Lilijengwa kuwakumbuka Wakristo Wagikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau, na Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka jiwe la msingi mwaka 1955. Mwaka 1959, hali ya hatari ikiwa bado haijaondolewa, Elimo Njau aliingia humo na rangi zake. Alikuwa kijana wa Marangu, Kilimanjaro, aliyesomea sanaa Makerere. Alichora picha tano kubwa: Kuzaliwa, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Msalaba. Yesu wake ni Mwafrika, na nchi anayoishi ni vilima vile vile vinavyoonekana ukitoka mlangoni.

Tazama uzito wa jambo hilo. Kanisa lilikuwa la kumbukumbu ya wafu wa upande mmoja, katika mji ambao pande zote mbili zilikuwa zimezika watoto. Kwa jinsi ninavyozisoma, picha za Njau hazichagui upande. Kristo anayesulubiwa katika vilima vya Murang'a anaweza kuliliwa na mjane wa homgadi, mlinzi wa upande wa serikali, na vile vile na mama wa aliyefia msituni. Hakuna mhubiri aliyeweza kusema hivyo mwaka ule bila kuzua hasira. Mchoraji alisema, na kanisa likampa ukuta.

Mwaka 1965 Njau na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, na akawa anafundisha kwamba kunakili kazi ya mwingine ni kumlaza Mungu usingizi. Huo ni msimamo wa kidini: aliyeumbwa kwa mfano wa Muumba anamheshimu kwa kuumba. Upime sasa na nyumba zetu, ambamo Yesu ukutani mara nyingi ni yule wa mchoraji Warner Sallman, aliyechorwa Chicago mwaka 1940 na kuchapishwa dunia nzima.

Wapo watakaonijibu kwamba madhabahu si maonyesho, na kwamba uzuri unaweza kuabudiwa badala ya Mungu. Hofu hiyo ni ya kweli, na siidharau. Washairi Waislamu wa pwani waliishi na katazo kali zaidi la sanamu, lakini katazo lile halikuwakausha: walitunga tenzi kama Al-Inkishafi, mafundi wakachonga milango ya Lamu. Waumini wa kanisa la Akorino mlimani hawana picha, lakini ngoma yao inatambulika kutoka umbali wa kilima kizima. Dini inaweza kukataa sura na bado ikadai ubora. Inapokubali chochote kilichonunuliwa tayari, mradi kina jina la Yesu, hapo ndipo ninapoona imani imejipunguzia heshima.

Kila mwaka kuna harambee ya kujenga kanisa mahali fulani kati ya Othaya na Kerugoya. Bajeti huwa na mabati, vigae, vipaza sauti na kinanda. Kamati na iongeze mstari mmoja: ukuta kwa mchoraji wa kata hiyo hiyo, aambiwe habari ya kuchora, asiamriwe jibu. Kwaya nayo iruhusiwe kutunga juu ya pombe inayowamaliza vijana na kesi za mashamba zinazogawanya ndugu, bila kulazimishwa kumalizia na mwito wa kuokoka. Na kama fundi wa mabati anavyopewa mkataba wenye tarehe na malipo, mchoraji apewe huo huo, asiambiwe ajitolee kwa sababu ni kazi ya Mungu.