Mto Ruaha Haumo Katika Mtihani

Juma lililopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja ya sekondari. Niliwauliza maana ya ikolojia. Wakaikariri kwa sauti moja, bila kukosea. Nikawauliza ni kwa nini Mto Ruaha Mkuu hukauka. Kimya.

Tangu mwaka 1993 mto huo, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, viboko wakabaki wakisongamana katika vidimbwi vya matope. Maji yake ndiyo yanayolisha bwawa la Mtera, linalotupatia umeme. Mwaka 2006 wafugaji wa Usangu waliondolewa pamoja na mifugo yao, lawama nyingi zikiwa juu ya ng'ombe. Mto haukupona. Mifereji ya mashamba ya mpunga ilikuwa ikivuta maji kiangazi chote, hata pale mpunga ulipokwisha kuvunwa, na yaliyofika Ihefu yalikuwa machache mno.

Somo la ikolojia ndilo hili. Ndani yake mna baiolojia, mna jiografia, na mna siasa pia; huenda hiyo ya mwisho ndiyo inayowatia hofu watunga mitaala. Msichana mmoja aliyeketi nyuma aliniuliza: "Mwalimu, sasa wali tunaokula hapa shuleni unatoka wapi?" Kabla sijajibu, mwalimu wake alitazama saa, akamkumbusha kwamba swali hilo halimo katika muhtasari.