MOSHI WA MELI UNAANZIA WAPI?



Kila mara tukiongea juu ya moshi wa meli, macho yetu yanakwenda kwa bomba tu. Tunasema: mazuti iko mbaya, watie motere ya umeme, basi! Mimi sikubali. Meli inachafua hewa mbele ya kugusa maji.

Chuma chake kinatoka wapi? Kiwandani wanayeyusha mawe ya chuma kwa makaa ya mawe, na kwa tani 1 ya chuma kipya, karibu tani 2 za gazi karboniki zinapanda hewani. Hesabu wewe mwenyewe meli yenye tani 1.000 za chuma. Bado haijasafiri hata siku moja! Motere safi haiwezi kurudisha moshi ule.

Mfano uko karibu, katika ziwa Tanganyika: ile meli Liemba. Wajerumani waliijenga kwao Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, wakaileta mpaka Kigoma, ikaingia majini 1915. Katika 1916 wakaizamisha wao wenyewe, adui wasiipate. Ilikaa chini ya maji miaka mingi! Waingereza wakaitoa 1924, na 1927 ikaanza kazi tena. Kisha, katika miaka ya 1970, wakaondoa mashini ya mvuke, wakatia ya mazuti. Mashini ilibadilika, mwili ulibaki ule ule, ukabeba watu na mizigo mpaka karne hii. Sidhani walifikiri hewa, walifikiri pesa. Haidhuru.

Wengine watasema: meli za zamani zinaua watu. Oktoba 2024 mashua ilizama karibu na Kituku, kule Goma, na wengi walikufa, tungali tunalia. Lakini ile ilijazwa watu kupita kiasi, na hata mpya ikijazwa vile itazama. Tena, kutunza si kupaka rangi juu ya kutu. Bati lililooza litolewe, na mtu anayejua kazi apime mbele ya safari.

Na lile bati bovu lisitupwe. Linaweza kuyeyushwa kwa umeme, pasipo makaa ya mawe, na umeme wa Kongo karibu wote ni wa maji (ukiwapo!). Basi, juu ya nini tuagize chuma cha moshi toka mbali na kuacha chetu kioze bandarini? Nangojea jibu la wale wa fizika, wanaopenda sana motere mpya.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano