Mguu Uliovimba Katika Safari ya Rufaa

Mgonjwa wa saratani apewapo rufaa kutoka Kasulu au Kibondo kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, hukabiliwa na zaidi ya kilomita 1,000 za barabara, miguu ikiwa imekunjwa ndani ya basi. Barua ya rufaa ielezayo uvimbe pekee, bila neno juu ya miguu hiyo, imeacha sehemu ya ugonjwa nyuma.

Mwaka 1865 tabibu Mfaransa Armand Trousseau alieleza uhusiano wa saratani na damu kuganda ndani ya mishipa. Sababu mojawapo ilifahamika baadaye sana. Mwaka 1991 watafiti wa San Francisco, wakiongozwa na Shaun Coughlin, walitambua kipokezi cha ajabu juu ya seli. Thrombini, kimeng'enya kigandishacho damu, hukata ncha ya nje ya kipokezi hicho. Ncha mpya inayobaki hujipinda na kukiwasha chenyewe. Ni kufuli iliyobeba ufunguo wake, ikingoja mkasi tu.

Katika chembe sahani za damu, ishara hiyo husaidia kuziba jeraha. Katika seli za saratani, kama maabara zilivyoonyesha, huweza kuchochea seli kukua, kujinasua na kupenya tishu jirani. Uvimbe nao huigandisha damu, thrombini ikazidi, vipokezi vikawashwa tena.

Asitokee mtu akauza dawa za kuzuia damu kuganda kama tiba ya saratani. Hakuna dawa ya kufunga vipokezi hivi iliyoidhinishwa kwa saratani, na mama mwenye saratani ya shingo ya kizazi inayovuja damu anaweza kudhurika vibaya.

Lililo mikononi mwa zahanati ni jepesi zaidi. Mhudumu aiangalie miguu yote miwili kabla ya kuandika rufaa. Mmoja ukivimba, ukauma au ukawa na joto kuliko mwenzake, mgonjwa apelekwe kwanza hospitali ya wilaya, asipandishwe basi. Asiye na dalili ashuke na kutembea kila basi linaposimama, achezeshe vifundo vya miguu kitini, anywe maji (wapo wanaojinyima wakiona haya kuomba basi lisimame). Pumzi ikibana ghafla au kifua kikichoma, ashushwe kwenye hospitali iliyo karibu, hata kama ni Kahama au Tabora na kitanda kimekwisha kupangwa Dar es Salaam.