Mzazi, soma namba kwenye soketi ya nje

Anayenunua soketi ya kufunga nje, ya pampu au ya mashine ya kufulia, huuliza dukani swali moja: "Hii inazuia maji?" Muuzaji anaitikia, pesa inatoka. Lakini jibu la kweli limechapwa kwenye boksi lenyewe: herufi IP na namba mbili, kama IP44 au IP65.

Mwenye mtoto anayetambaa aanze na namba ya kwanza. Ikiwa 2, kidole hakifiki kwenye umeme. Ikiwa 4, hata kipande cha waya chenye unene wa milimita 1 hakipenyi, na watoto wanavyopenda kuchokonoa, hilo si jambo dogo. Kwenye 6, vumbi haliingii kabisa. Namba ya pili ni ya maji: 4 huhimili maji yanayoruka kutoka kila upande, 5 huhimili mpira wa maji ulioelekezwa pale. Ukikuta X badala ya namba, kipimo hicho hakikutajwa; usidhani ni sifa.

Morogoro mjini, kiangazi ni vumbi. Kinole na Matombo, mashariki ya Uluguru, upepo wa Bahari ya Hindi hushusha mvua nyingi kuliko mjini. Chini ya baraza IP44 yaweza kutosha. Ukuta unaopigwa na mvua, tafuta IP65. Na uangalie kifuniko. Soketi nyingi hulinda kikiwa kimefungwa tu, kwa hiyo plagi ikichomekwa kifuniko kikabaki wazi, namba haina kazi.

Hata hivyo, boksi zuri huharibiwa zaidi siku ya kufungwa. Fundi anatoboa tundu juu, anapitisha waya, anaondoka. Masika yakianza, maji hufuata waya huo huo hadi ndani, na anayegusa swichi kwa mikono mibichi ni mtoto aliyetumwa kuwasha pampu. Waya uingie kwa chini, ubanwe na mpira wake, na kabla ya kuingia upindwe kidogo ili matone yadondoke nje.

Kabla ya kumlipa fundi, mwambie azime swichi kuu, afungue boksi, akuonyeshe waya ulipoingilia na mpira wa kuzibia ukiwa mahali pake. Akisema mpira ulibaki dukani, pesa nayo isubiri.