Ada za M-Pesa ni ngazi, si mteremko

Wasomaji, leo naungama kosa langu mwenyewe. Chama kimoja cha kina mama hapa Njiru kiliniomba programu ndogo ya kukadiria ada za kutuma pesa kwa M-Pesa. Kwa ujanja wangu nikachukua ada tatu nne, nikachora mstari mmoja laini, nikaandika fomula. Mwisho wa mwezi hesabu zikakataa kulingana. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini kwenye chama shilingi isiyo na maelezo ni tuhuma. Mweka hazina akaanza kutazamwa kwa jicho baya.

Kompyuta haikukosea. Mimi sikusoma grafu.

Kila fanksheni ina kikoa, yaani thamani zinazoruhusiwa kuingia, na upeo, yaani thamani zinazotoka. Kwenye grafu, angusha kivuli cha mchoro wote juu ya mhimili wa mlalo: hicho ni kikoa. Kisha kilaze kwenye mhimili wa wima: huo ni upeo.

Sasa chora viwango vya Safaricom vya 2023 vya kutumia mtu pesa. Hadi shilingi 100 ni bure, 101 hadi 500 ni shilingi 7, 501 hadi 1,000 ni 13, hivyo hivyo mpaka 108. Mwaka huo huo kiasi cha juu kwa muamala mmoja kiliongezwa hadi 250,000. Basi kikoa ni shilingi kamili, 1 hadi 250,000.

Na upeo? Wengi wataandika "0 hadi 108". Si kweli! Kivuli cha ngazi hizo kwenye mhimili wa wima ni nukta 12 tu. Hakuna ada ya shilingi 10 hapo. Programu yangu ilikuwa ikiitoa.

Maoni yangu: mwalimu asianze na mikunjo ambayo mwanafunzi hajawahi kuiona popote Kangundo Road. Aanze na ngazi hii iliyo mfukoni mwake. Nasi waandishi wa programu, kabla ya fomula tuulize: nini kinaingia, na nini kinaweza kutoka?

Fomula nimeitupa, nimeweka jedwali. Nilimwomba mweka hazina radhi mbele ya wenzake. Akacheka: "Mwanangu, si ungeniuliza tu? Ada hizo nazijua kwa kichwa."